Mwongozo kamili wa kuunda hotispoti ya DMR ya kubeba: kuanzia memori kadi tupu hadi kusikia sauti yako ikirudi

Mwongozo huu wa kuunda hotispoti, yaani kituo kidogo kinachounganisha redio yako ya mkononi na intaneti, ni kwa wapenzi wa redio wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Lushoto ambao wamekwishanunua bodi ndogo ya modemu na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero, kisha wakakwama. Maswali yanayonifikia yanafanana mno. Kuna anayesema hotispoti haiioni simu yake. Kuna anayesema kila kitu kinaonekana kimeunganishwa, lakini akibonyeza redio hakuna kinachotokea. Na kuna ambaye sauti inamfikia imekatika-katika hata haeleweki nani anasema nini.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja: mtu ameunganisha vitu vyote kwa pamoja, akawasha, akategemea sauti itoke. Chombo hiki kina tabaka tano, nazo ni umeme, Wi-Fi, bodi ya modemu, mawasiliano kati ya redio na bodi, na mwisho mtandao wa nje. Ukilipima kila tabaka peke yake kabla ya kugusa linalofuata, tatizo likitokea utajua liko wapi. Ukiyaruka, utabaki kubahatisha, na utabadilisha mipangilio iliyokuwa sahihi tangu mwanzo. Kwa hiyo nakuomba, usiende hatua mpya kabla hujaiona dalili ya mafanikio niliyoiandika mwishoni mwa hatua uliyopo.

Kazi yenyewe ya hotispoti ni ile ya kivuko cha Mto Pangani: ng'ambo moja inapakia mawimbi ya redio yako ya mkononi, ng'ambo ya pili inayashusha yakiwa pakiti za intaneti kwenye seva, na sauti za wengine zinarudi kwa njia hiyohiyo. Mwongozo huu unahusu modi ya DMR peke yake, ambayo ni mojawapo ya njia za kurusha sauti kidijitali, kwa kuwa redio zake ndizo zinazopatikana kwa bei ya chini kuliko za modi nyingine za kidijitali.

## Mambo mawili ya kukamilisha kabla ya kununua chochote

La kwanza ni leseni. Hotispoti ni kituo cha kurusha mawimbi, hata kama nguvu yake ni takriban miliwati 10 tu. Kwa hiyo unahitaji leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, pamoja na alama ya wito, ambayo kwa nchi yetu huanza na 5H. Soma masharti ya leseni yako na uhakikishe umeruhusiwa kutumia sehemu ya bendi ya 430 hadi 440 MHz unayokusudia. Kama kuna sentensi usiyoielewa, waulize mamlaka wenyewe, wala usitegemee maneno ya muuzaji wa redio.

La pili ni namba ya DMR. Hii ni namba ya tarakimu saba inayokutambulisha kwenye mitandao ya DMR duniani kote, na kwa Tanzania huanza na 640. Inaombwa bila malipo kwenye tovuti ya RadioID.net kwa kupakia nakala ya leseni yako. Omba mapema, kwa sababu maombi hukaguliwa kwanza na bila namba hiyo hutavuka hatua ya tano.

## Vifaa

- Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero W au Zero 2 W. Tafuta yenye pini zilizokwisha kulehemiwa. Ukipata isiyo na pini, mpelekee fundi simu mwenye mkono mwepesi akulehemee. Mafundi wa namna hiyo hawakosekani Ngamiani.
- Bodi ya modemu ya MMDVM ya upande mmoja, ile yenye antena moja, pamoja na antena yake ya UHF.
- Memori kadi ya micro SD ya GB 8 hadi 32 kutoka kwa muuzaji unayemwamini. Kadi bandia ndizo zinazoharibu mifumo mingi.
- Chaja ya volti 5 inayotoa angalau ampea 2, na waya mfupi wa micro-USB. Waya mwembamba na mrefu hupoteza volti njiani.
- Pawa benki ya mAh 10,000 kwa ajili ya safari.
- Redio ya mkononi ya DMR ya UHF, ya daraja linaloitwa Tier II, pamoja na waya wake wa kuipanga kwa kompyuta.
- Kompyuta ya kawaida yenye sehemu ya kusomea kadi.
- Simu yenye bando la intaneti.
- Kipochi cha plastiki chenye matundu ya hewa.

Kuhusu redio, naomba nisisitize. Redio kama Baofeng UV-5R ni ya analogi na haiwezi kuzungumza na hotispoti ya DMR kwa mpangilio wowote ule. Wapo waliopoteza wiki nzima kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo dukani.

Kuhusu kipochi, wauzaji wengi hutoa cha alumini. Kinapendeza, lakini antena ya Wi-Fi ya Raspberry Pi Zero iko juu ya bodi yenyewe, na ukiizungushia chuma unapunguza mawimbi yake. Plastiki ni bora.

## Hatua ya 1: Andika mfumo kwenye kadi

Pakua taswira (faili moja lenye mfumo mzima) ya Pi-Star, programu inayoendesha hotispoti, kutoka tovuti yake rasmi, ukichagua toleo jipya zaidi la Raspberry Pi. Zipo taswira za kompyuta nyingine ndogo kwenye ukurasa huohuo, na ukichukua isiyo yako chombo hakitawaka kabisa. Fungua faili lililobanwa, kisha uandike taswira kwenye kadi kwa programu ya balenaEtcher au Raspberry Pi Imager.

Programu ya kuandikia ikimaliza, huikagua kadi kwa kulinganisha kilichoandikwa na taswira ya asili. Usiuruke ukaguzi huo. Kadi bandia mara nyingi hujulikana hapohapo, kwani hukubali kuandikwa lakini haisomeki vilevile.

Baada ya hapo Windows inaweza kukuuliza kama uiumbe upya kadi ("Format") kwa sababu haitambui sehemu zake. Kataa. Ukikubali, unafuta ulichoandika sasa hivi.

Umefanikiwa ikiwa programu imetoa taarifa kwamba ukaguzi umekamilika bila kosa.

## Hatua ya 2: Funga antena na bodi kabla ya umeme

Funga antena kwanza. Bodi ikirusha bila antena, nguvu hurudi kwenye kipande cha kurushia na kukichosha, na hata isipoungua siku hiyo inaweza kudhoofika.

Kisha panga bodi ya modemu juu ya Raspberry Pi ili pini zote 40 ziingie sawasawa na bodi mbili zilale moja juu ya nyingine. Itazame kwa ubavu, mahali penye mwanga. Ukiona bodi ya juu inaning'inia nje badala ya kufunika ile ya chini, umeigeuza. Ukiona safu moja ya pini imebaki wazi, umeruka pini. Kuwasha katika hali yoyote kati ya hizo mbili kunaweza kuua bodi zote mbili kwa sekunde moja.

## Hatua ya 3: Umeme

Raspberry Pi Zero ina matundu mawili ya micro-USB yanayofanana. Tumia lile lililo karibu na pembe ya bodi, lenye maandishi "PWR IN". Kwa mara ya kwanza tumia chaja ya ukutani badala ya pawa benki, ili umeme usiwe sababu ya mashaka.

Taa ya kijani ya Raspberry Pi itapepesa bila mpangilio maalumu wakati kadi inasomwa. Mara ya kwanza mfumo hujipanua ili kujaza kadi yote, kwa hiyo subiri dakika kadhaa bila kuchomoa kitu. Umeme wa mtaani ukikatika katikati ya kazi hiyo, rudi hatua ya 1 na uandike kadi upya, maana kadi iliyokatizwa humsumbua mtu kwa makosa yasiyoeleweka.

Umefanikiwa ikiwa taa ya kijani imepepesa na taa ya SRV juu ya bodi ya modemu nayo inapepesa. Kama taa ya kijani haipepesi hata mara moja, tatizo ni kadi au taswira, na hakuna sababu ya kugusa bodi ya modemu.

## Hatua ya 4: Wi-Fi, mahali wanapokwama wengi

Hotispoti isipopata mtandao inaoufahamu, baada ya takriban dakika mbili hutengeneza Wi-Fi yake yenyewe inayoitwa "Pi-Star-Setup", yenye nywila "raspberry". Kupitia hiyo utaifundisha Wi-Fi ya simu yako.

Zima kwanza data za simu. Simu nyingi, zikigundua kwamba Wi-Fi iliyounganishwa haina intaneti, hurudi kwenye data kimyakimya, na hapo ukurasa wa hotispoti haufunguki ingawa jina la Wi-Fi bado linaonekana juu ya kioo. Simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali.

Fungua kivinjari na uandike 192.168.50.1. Ingia "Configuration" kwa jina "pi-star" na nywila "raspberry". Shuka hadi sehemu ya Wi-Fi mwishoni mwa ukurasa, ongeza mtandao mpya, andika jina na nywila ya hotispoti ya simu yako, kisha hifadhi. Nchi iwe TZ. Ongeza pia Wi-Fi ya nyumbani kama unayo, kwani chombo kinaweza kukumbuka mitandao kadhaa.

Sasa, kabla hujaanza kulaumu chombo, kagua upande wa simu kwa mambo manne.

Kwanza, Raspberry Pi Zero W na Zero 2 W zinaona Wi-Fi ya GHz 2.4 peke yake. Simu mpya nyingi huwasha hotispoti yao kwenye GHz 5, na kwa kompyuta hii ndogo mtandao huo ni kama haupo. Kwenye Android, ingia mipangilio ya hotispoti ya simu na uchague bendi ya GHz 2.4. Kwenye iPhone, washa chaguo la "Maximize Compatibility". Ningeulizwa kosa moja linalowakwamisha watu kuliko yote, ningetaja hili.

Pili, jina la Wi-Fi ya simu liwe fupi, lisiwe na nafasi, alama za pekee wala emoji. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika: mtandao ulioandikwa "Tanga" si sawa na "tanga".

Tatu, zima chaguo la simu la kufunga hotispoti yenyewe pasipokuwa na kifaa kilichounganishwa. Bila hivyo, simu itafunga mlango wakati kompyuta ndogo bado inaamka.

Nne, hakikisha bando lipo. Sababu ni kwamba simu iliyoishiwa bando bado hutoa Wi-Fi yenye nguvu kamili, hivyo kila kitu huonekana kizuri hadi hatua ya 8.

Washa upya chombo kupitia ukurasa wa "Power", kisha rudisha data za simu na uwashe hotispoti ya simu. Angalia kwenye simu orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Utaona jina pi-star pamoja na anwani yake ya namba. Iandike anwani hiyo. Baadhi ya simu hazifungui http://pi-star.local, lakini namba hufanya kazi kila mara.

Umefanikiwa ikiwa ukurasa wa hotispoti unafunguka kwenye kivinjari huku simu hiyohiyo ikiwa ndiyo inayotoa intaneti.

## Hatua ya 5: Mipangilio ya msingi

Anza kwa kubadilisha nywila ya kuingilia. Kila mtu anayefahamu mfumo huu anaijua ile ya kiwandani.

Kisha panga mambo yafuatayo kwenye ukurasa wa "Configuration", ukibonyeza "Apply Changes" baada ya kila sehemu na kusubiri ukurasa urudi wenyewe.

Programu ya kuendesha iwe MMDVMHost na aina ya kituo iwe "Simplex Node". Washa modi ya DMR peke yake na uache nyingine zote zimezimwa. Modi nyingi zikiwa wazi, hotispoti inaweza kushikwa na modi moja wakati wewe unaita kwa nyingine, na kwa mtu anayejifunza hali hiyo inachanganya bila faida.

Andika alama yako ya wito na namba yako ya DMR. Saa iwe "Africa/Dar_es_Salaam". Kompyuta hii haina saa ya ndani inayoendelea ikizimwa, bali huchukua wakati kutoka intaneti, kwa hiyo usishangae saa ikiwa si sahihi katika dakika ya kwanza baada ya kuwasha.

Kwa masafa, katika mwongozo huu natumia 438.800 MHz kama mfano. Wewe chagua yaliyo ndani ya leseni yako, ukizingatia mambo mawili. Usikae kati ya 435 na 438 MHz, kwa sababu hapo ni sehemu ya setilaiti za wapenzi wa redio, na hata miliwati chache zinaweza kumsumbua jirani anayesikiliza mawimbi dhaifu kutoka angani. Pia jiepushe na jirani za 433.92 MHz, ambako rimoti za mageti na funguo za magari hupiga kelele mchana kutwa.

Kwa mahali ulipo, latitudo ya Tanga mjini ni takriban -5.07 na longitudo 39.10. Usisahau alama ya kutoa. Ukiiacha, ramani itakuonyesha ukiwa kusini mwa Ethiopia. Na kwa usalama wako usiandike namba za nyumba yako hasa. Katikati ya mji panatosha, maana ramani hiyo inaonwa na kila mtu.

Aina ya modemu ni chaguo jingine linalowashinda wengi, kwa sababu orodha ni ndefu na majina yanafanana. Kwa bodi nyingi za upande mmoja zinazokaa juu ya pini za Raspberry Pi, chagua linaloanza na "MMDVM_HS_Hat" au "STM32-DVM / MMDVM_HS", na kwa vyovyote lenye neno "GPIO". Yenye neno "USB" ni ya bodi za kuchomeka kwa waya.

Mwisho, "Node Type" iwe "Private", ili namba yako tu ndiyo ipite. Wewe ndiye mwenye leseni, na kila sauti inayopita hapo inahesabika kwako.

Umefanikiwa ikiwa, kwenye ukurasa wa mbele, sehemu ya "Radio Info" inaonyesha masafa yako, toleo la programu ya bodi na namba ya TCXO, yaani kioo kinachotunza masafa ya bodi, ambayo kwa kawaida ni 14.7456 au 12.288 MHz. Sehemu hiyo ikiwa tupu, umechagua aina ya modemu isiyo sahihi, au bodi haijakaa vizuri kwenye pini.

## Hatua ya 6: Panga redio

Kwa kutumia programu ya redio yako kwenye kompyuta, andika kwanza namba yako ya DMR kwenye sehemu ya utambulisho. Ni lazima iwe ileile uliyoiweka kwenye hotispoti. Ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, hotispoti iliyo "Private" itaikataa redio, nawe hutasikia lolote.

Tengeneza chaneli moja ya kidijitali. Masafa ya kupokea na kurusha yawe 438.800 MHz yote mawili. Kodi ya rangi ("Color Code", namba inayopaswa kulingana kwenye redio na hotispoti) iwe 1, na sloti ("Time Slot", zamu ya muda ya kurushia) iwe 2, kwa sababu hotispoti za upande mmoja hufanyia kazi sloti ya pili. Nguvu iwe ya chini kabisa ambayo redio yako inaweza. Ufiche wa sauti uzimwe kabisa, kwani redio ya ridhaa hairuhusu mazungumzo yaliyofichwa.

Weka wawasiliani wawili: kundi la mazungumzo namba 91, kwa aina ya mwito wa kundi, na namba 9990, ya kujaribia inayokurudishia sauti yako, kwa aina ya mwito wa mtu binafsi. Kundi 91 liingize pia kwenye orodha ya makundi ya kupokea ya chaneli hiyo, la sivyo redio itapokea mawimbi na kuwasha taa bila kutoa sauti.

## Hatua ya 7: Linganisha masafa ya redio na ya bodi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotenganisha hotispoti inayosikika vizuri na ile inayokatika-katika. Tafadhali ipe muda.

Kila bodi ina kioo kinachotunza masafa, na hakuna kioo kilicho sahihi kabisa. Kosa la sehemu moja tu katika milioni, kwenye 438.8 MHz, ni karibu Hz 439. DMR haivumilii tofauti kubwa kiasi hicho. Redio inarusha mahali pamoja, bodi inasikiliza pembeni kidogo, na biti zinaanza kusomwa vibaya. Kiasi cha biti zilizosomwa vibaya huonyeshwa kwa asilimia kwenye safu ya BER, katika jedwali la "Local RF Activity".

Simama mita mbili au tatu kutoka kwenye hotispoti. Ukikaa karibu zaidi, mawimbi ya redio hulemea kipokezi na kukupa namba za uongo. Chagua 9990, bonyeza, na uzungumze kwa sekunde kumi hadi kumi na tano. Mwito mfupi hautoi kipimo cha kuaminika. Huhitaji mtandao wa nje kwa jaribio hili, kwa hiyo usijali kama hakuna anayejibu.

Ukibonyeza, taa ya COS kwenye bodi iwake na alama yako itokee kwenye jedwali. Tazama BER. Ikiwa chini ya asilimia 1, una bahati, endelea hatua ya 8. Ikiwa asilimia 2, 3 au zaidi, fanya hivi.

Chukua kalamu na karatasi. Kwenye menyu ya "Expert", fungua mipangilio ya MMDVMHost, tafuta sehemu ya "Modem", na uone "RXOffset", yaani marekebisho ya masafa ya kupokea kwa Hz. Iandike 0, hifadhi, zungumza, andika BER. Kisha weka 100, hifadhi, zungumza, andika tena. Endelea na 200, 300 na kuendelea. Kama BER inapanda, rudi upande wa pili kwa -100, -200, -300. Baada ya muda utaona mfululizo wa thamani zenye BER ndogo, na pande zake mbili ambako namba zinapanda ghafla. Chagua thamani ya katikati ya mfululizo huo, wala si ile iliyotokea kutoa namba ndogo kuliko zote mara moja. Ukisimama katikati, una nafasi ya kusogea pande zote mbili bila kuanguka.

Hili lina maana ya pekee kwa hali ya hewa yetu. Ndani ya kipochi kilichofungwa, kwenye kibaraza cha Raskazone saa nane mchana, bodi inapata joto tofauti kabisa na la asubuhi, na masafa husogea kidogo. Kwa hiyo rudia kipimo mara moja chombo kikiwa na joto, baada ya kuwaka kwa nusu saa kikiwa ndani ya kipochi chake.

Weka thamani uliyoipata pia kwenye "TXOffset", yaani marekebisho ya masafa ya kurusha, kama pa kuanzia. Upande huo haupimwi kwa namba bali kwa masikio, nawe utausikia katika hatua inayofuata. Kama bodi yako ilikuja na kibandiko chenye namba ya marekebisho kutoka kwa mtengenezaji, anza na namba hiyo badala ya 0.

Umefanikiwa ikiwa miito kadhaa mfululizo inaonyesha BER chini ya asilimia 1. Jedwali likibaki tupu kabisa ingawa COS inawaka, kagua kodi ya rangi na namba ya DMR. COS isipowaka kabisa, kagua masafa, au tofauti ni kubwa na hujaifikia bado.

## Hatua ya 8: Fungua mlango wa nje

Mtandao tunaoutumia hapa ni BrandMeister. Fungua akaunti kwenye tovuti yake kwa alama yako ya wito, ingia "SelfCare", na uweke nywila ya usalama ya hotispoti. Nywila hii ni tofauti na ya akaunti, na pia ni tofauti na ile ya kuingilia Pi-Star. Kuchanganya hizi tatu ndiko kunakowaweka watu nje.

Rudi kwenye "DMR Configuration". Chagua seva yoyote inayoanza na "BM", andika nywila hiyo, weka kodi ya rangi 1. Seva hizi zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, hivyo utafika kwenye makundi yaleyale kupitia yoyote. Kama una hotispoti nyingine nyumbani yenye namba ileile, ipe hii kiambishi cha tarakimu mbili, kwa mfano 01, kwenye sehemu ya "ESSID". Bila hivyo zitanyang'anyana nafasi.

Kwenye ukurasa wa mbele, "DMR Net" igeuke kijani. Ikibaki nyekundu, sababu za kukagua kwa utaratibu ni bando, nywila, kisha namba ya DMR.

Sasa ita 9990, useme alama yako na sentensi moja au mbili, kisha uachie. Seva inarekodi ulichosema na kukurudishia. Sikiliza kwa makini. Sauti ikirudi safi, kazi imekamilika. Ikirudi imekatika ilhali BER yako ilikuwa ndogo, ama "TXOffset" inahitaji kusogezwa kwa hatua za Hz 100, ama intaneti ya simu inapoteza pakiti. Utatofautisha hivi: jaribu tena kwa Wi-Fi nyingine iliyo imara. Tatizo likibaki, ni "TXOffset".

Baada ya hapo fungua kundi 91, ambalo ni la dunia nzima. Sikiliza kwanza. Acha sekunde mbili kati ya mtu mmoja na mwingine ili wengine wapate kuingia, taja alama yako, na ukitaka mazungumzo marefu hamieni kundi lingine.

## Hatua ya 9: Kuibeba

Bando lisikutishe. Mazungumzo ya DMR hutumia takriban MB 5 kwa saa ya sauti mfululizo. Kinachokula bando ni kusasisha mfumo, kwa hiyo sasisha ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani au ya ofisini, wala si ukiwa kwenye basi la Lushoto.

Pawa benki ya mAh 10,000 ina takriban Wh 37 ndani yake. Chombo kikivuta wati 1.5, na ukitoa kinachopotea njiani, unapata kama saa 20. Baadhi ya pawa benki hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno, kwa hiyo ijaribu nyumbani kwa saa kadhaa kabla ya kuitegemea safarini.

Usiiache juu ya dashibodi ya gari juani. Kwa wanaoishi karibu na bahari, hewa ya chumvi hula miguso ya pini na kiungio cha antena. Kitunze chombo kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu, na ukague pini mara kwa mara kama zimeanza kuwa za kijani.

Ukitaka kuzima, tumia "Shutdown" kwenye ukurasa wa "Power", subiri taa ya kijani itulie, kisha chomoa. Pi-Star huifunga kadi isiandikwe wakati wa matumizi ya kawaida, hivyo kukatika kwa umeme kwa bahati mbaya mara nyingi hakuleti madhara. Hatari ipo wakati unahifadhi mipangilio au unasasisha.

Mwenzako mwenye leseni na namba yake ya DMR akitaka kutumia hotispoti yako mkiwa pamoja, badilisha "Node Type" iwe "Public" kwa muda huo, na mkimaliza uirudishe "Private" kabla hamjaachana.